Safu ya Pikipiki

Mkasi wa Daktari Zipora ulipopasua shati la mtu aliyefia njiani akiletwa hospitali, kokoto zilimwagika sakafuni. Tope la kijivu lilikuwa limeganda chini ya kucha zake zote kumi.

"Mmesema kagongwa na pikipiki?"

"Ndiyo, daktari," akajibu mchimbaji mwenzake aliyemleta, macho chini. "Pale barabara ya Masumbwe."

"Pikipiki gani inamfukia mtu hadi masikioni?"

Mke wa marehemu, aliyesimama mlangoni, akajifunga kanga upya.

"Tukitaja duara, yaani shimo letu la dhahabu, litafungwa," mchimbaji akasema hatimaye. "Tutakula nini? Wote huwa tunasema pikipiki."

"Wote? Tangu lini?"

"Tangu zamani, mayu, mama yetu."

Kwa miaka tisa Zipora alikuwa amehesabu majeruhi wa ukanda huu wa dhahabu. Utafiti wake ulithibitisha kwamba pikipiki zinaua zaidi kuliko machimbo, na kwa utafiti huo gari pekee la wagonjwa liliondolewa machimboni, likawekwa kando ya lami. Alipigiwa makofi, akapewa hata cheti. Marehemu huyu alikuwa amesafirishwa saa tatu, kafungwa kwa kamba mgongoni mwa dereva wa bodaboda.

Akashika kalamu juu ya fomu yenye safu mbili za chanzo cha kifo: pikipiki na machimbo. Juu kabisa palikuwa na jina lake: mtafiti mkuu.

"Andika pikipiki, daktari," mjane akamsihi. "Kaka yake huyu alipofukiwa duarani uliandika hivyo hivyo, wala hukuuliza."