Simu za Kupimia Mitaa

Mkaguzi wa mizani aliiacha simu juu ya benchi la duka kama mtu aliyesahau, akaondoka bila kugeuka. Alipofika kwenye kona akajibanza nyuma ya nguzo ya umeme, akaangalia saa.

Simu yenyewe ilikuwa maiti. Mjomba wake, fundi simu, alimpa mfuko mzima wa maiti kama hizo: kwa nje zinameremeta, ndani hakuna kitu. Kila moja mkaguzi aliibandika nyuma karatasi yenye jina la ofisi yake, ili mwenye roho nzuri asipate kisingizio. Kazini alipima mizani za wachuuzi kwa mawe yenye mhuri wa serikali, na hakuona sababu ya kuupima mtaa wa kuhamia kwa maneno ya dalali.

Mpaka siku hiyo mambo yalikuwa hivi. Mtaa wa kwanza, simu ilikaa dakika nne. Wa pili ilichukuliwa na mlinzi. Wa tatu, unaopakana na kituo cha polisi, simu haikuwahi hata kutua. Mtu aliipokea mkononi mwake na kumwambia asante. Wa nne ilikaa kutwa nzima bila kuguswa, lakini kodi ya huko, hata yeye angeacha kula na mdogo wake akaacha kuvaa, isingelipika.

"Dada, wewe ndiye utakayekamatwa," mdogo wake alimcheka jioni moja. "Mtu mzima kujificha nyuma ya nguzo!"

"Cheka tu. Cherehani ni ya nani?"

Mdogo mtu akaigeukia cherehani yake. Alikuwa fundi nguo, na chumbani kwao walikuwa wameshavunjiwa mara mbili. Mara ya pili wezi waliondoka na cherehani, gauni la bibi harusi likiwa bado limebanwa na sindano. Mama yao akauza friji lake, ikapatikana cherehani nyingine.

"Hii nayo ikienda," mdogo mtu alisema, "sina uso wa kumwendea mama tena. Ufundi basi."

Sasa mtaa huu wa tano ulikuwa umemchanganya mkaguzi. Milango wazi mchana kutwa. Pikipiki zimeegeshwa na funguo zinaning'inia. Chumba kikubwa, bomba uani, na kodi ambayo hata mtu aliyeanza kazi juzi angeimudu.

"Mbona rahisi hivi?" alikuwa amemuuliza dalali.

"Dada yangu, unalalamikia unafuu? Tangu nianze kazi hii, mwizi wa kutoka nje hajakanyaga hapa. Ataanzia wapi!"

Dakika ya tisa, mkaguzi alichungulia. Benchi tupu. Akatoa daftari, akaupiga mtaa ule alama ya kukosa, akaenda zake amenuna.

Siku ya tatu, akiwa ofisini, akaingia baba mmoja mnene, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa karatasi safi.

"Binti yangu, hii si yako?"

Ilikuwa ile simu. Imefutwa vumbi, kioo kinameta kuliko alivyoiacha.

"Baba, umetoka kote huko kwa ajili ya hii?"

"Mabasi mawili. Ningefanyaje? Mtaani kwetu, kitu cha mtu kisichotufaa hatukai nacho."

Mkaguzi akamtolea nauli. Baba akaikataa kama aliyetukanwa. Alipoondoka, mkaguzi alibaki ameishika simu. Miaka sita ya kupima mizani, hakuwahi kukuta iliyokaa sawa namna ile. Jioni ileile akaifuta ile alama, akamlipa dalali.

Jumamosi wakahamia. Kabla gari halijazima injini, mtaa mzima ulikuwa umelizunguka, huyu anabeba godoro, yule masufuria, kina mama wanawapa pole na safari. Yule baba mnene hakumwachia mtu cherehani. Aliikumbatia mwenyewe mpaka ndani, akaitua karibu na dirisha, polepole, kama mtoto aliyelala.

"Unaona?" mkaguzi alimnong'oneza mdogo wake. "Na wewe ulikuwa unanicheka."

Baba akalizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, akatega sikio.

"Inafanya kazi?"

"Mpya kabisa, baba," mdogo mtu alijibu kwa majivuno. "Haina hata miezi miwili."

"Afadhali," alisema baba, akijifuta jasho. "Maana ile simu mafundi wetu waliihangaikia siku mbili nzima, na haikuwaka ng'o."