Njia ya Mistari Mitatu

Mwalimu Shaame aliufuta mstari wa mwisho kabla Hind hajainua kichwa kuunakili. Mkono wa mwalimu uliuandika kwa mazoea, akili ikauwahi.

"Hapo basi," alisema, akijipangusa chaki kwenye shati. "Jibu lako ndilo hilo."

Hind akaandika alichokiona. Hesabu yenyewe ilikuwa ya alama ya ndogo-kuliko, upande mmoja kipeuo cha pili, upande mwengine herufi tupu. Ukishakiondoa kipeuo, majibu hukujia makundi mawili, moja la kweli na moja la uongo. Kipeuo hakiwi hasi, basi hakiwezi kuwa kidogo kuliko kitu kilicho hasi. Kundi la hasi hutupwa. Mstari wa kulitupa ndio ule uliofutwa. Bila ya huo kazi nzima ni bure, na kila mwaka swali la namna hiyo haliachi kuja mtihanini.

Shaame alijua anachokifanya. Tusimtafutie udhuru.

Kulikuwa na nafasi moja ya mfadhili, kwenda kusomea uhandisi nje, na angeipata msichana atakayeongoza hisabati kidato cha sita katika skuli yao. Wa kuigombea walikuwa wawili, waliobaki wasindikizaji. Mmoja Hind, binti wa marehemu Talal wa Mji Mkongwe. Wa pili Amne, binti yake Shaame mwenyewe. Skulini mwalimu wa hisabati alikuwa keshahamishwa na hajaletwa mwengine, kwa hivyo wote wawili wakisomea sebuleni kwa Shaame, majumba ya Michenzani, na alilolisema yeye ndilo lililokuwa sheria.

Bi Arwa, mama yake Hind, alimleta mtoto kwa mkono wake, na sahani ya visheti kaifunika kawa. Alisema marehemu akimwamini Shaame kuliko ndugu zake wa tumbo moja, basi na yeye anamwachia mtoto. Shaame akamwambia asiwe na shaka. Visheti akavila, tena vyote.

Moyoni alikuwa na hoja zake. Hind ana wajomba Maskati. Akikosa hapa atapata kule. Amne ana nani? Ana baba aliyetoka Mkokotoni na madaftari yake kwenye mfuko wa rambo, akasomesha watoto wa watu mpaka mvi zikamtoka, na watoto hao leo wakimpita na magari yao hata kioo hawateremshi. Safari hii, alijiambia, na mimi nile changu. Aibu ilimshika, lakini haikumzuia.

Basi Amne akiwa jikoni na mama yake, Hind hufundishwa vipeuo kwa njia fupi, mistari mitatu. Hind akishakwenda zake, Amne hufundishwa njia ndefu, yenye kupima kila kundi na kulitupa la uongo. Hind alikuwa mtoto wa wasiwasi, akifunga mlango lazima arudi ausukume. Kila siku akiuliza kama hakuna kilichobaki. Mwalimu akimwambia hakuna, na pale alipokosea akamtilia vema kwa wino mwekundu.

Amne hakuambiwa afiche kitu. Angeambiwa afiche, angeuliza kwa nini.

Na Shaame, kama wazazi wengi wa hapa, hakuwa na ulimi wa kumsifu mwanawe. Wako ukimsifu unamtafutia kijicho. Sifa zote zilikwenda kwa mgeni: Hind hodari, Hind ana hati nzuri, hebu mtizame mwenzio Hind. Chakula kikipakuliwa, paja la kuku la Hind, Amne shingo. Ndiyo adabu, na Amne kakulia humo, hajapata kununa. Kila neno lakini alikuwa akilisikia.

Siku moja alisita na kalamu mkononi.

"Baba, nimeona daftarini kwa Hind, hesabu hii anaimaliza kwa mistari mitatu. Mbona mimi yangu mlolongo?"

Shaame amwambie nini, kwamba mwenzio nnamlisha sumu? Akashika neno la karibu.

"Hind mwepesi wa kufahamu. Ile si ya kwako. Wewe shika hii hii ya pole pole."

"Haya, Baba," alisema Amne, akainamia daftari lake. Shaame akashusha pumzi, akaona limekwisha.

Siku ya mtihani aliamka kabla ya adhana. Alimwombea Amne dua ndefu mpaka machozi yakamtoka. Alipotaka kumtaja Hind, ulimi ulikataa, akanyanyuka kwenye mswala.

Adhuhuri Amne alipanda ngazi anacheka peke yake. Baba yake alikuwa keshafungua mlango, na hata salamu hakungoja. Alitaka kujua kama la kipeuo limekuja.

"Limekuja," alisema Amne. "La mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote."

"Ukalifanyaje?"

Amne aliinama kuvua viatu. Furaha ilikuwa imemjaa, na haya pia, akasema bila ya kumtizama.

"Usinikasirikie, Baba. Nnajua uliniambia si ya kwangu. Lakini nimelifanya kwa mistari mitatu, kama Hind." Akaviweka viatu ukutani vizuri. "Na wala sikumwibia. Mwenyewe aliitaka ile yangu ya pole pole, anasema inamtoa wasiwasi. Basi tukabadilishana."