Alama za Mwanaidi

Kila baada ya miaka saba ni lazima tutoe vyombo uani, watu wa manispaa waje kuichoma nyumba kwa ndani. Saruji hii ya majivu haiungui. Wanasema ikipikwa ndiyo inazidi kukaza. Ikaze tu! Lakini moto wao hufuta kila kilichoandikwa ukutani, na ukutani ndiko nilikompima Mwanaidi wangu urefu kwa penseli, kila Idi, mpaka homa ilipomchukua mwaka jana.

Asubuhi hii mkaguzi wao, Bwana Kisoma, alipapasa ukuta wa chumbani akashtuka.

"Mama Mwanaidi, nani kachimba hapa?"

"Mimi, kwa patasi. Nimefuata alama zake zote sita."

"Ukuta ukipata moto utapasukia hapo hapo! Lazima nizibe."

"Thubutu!"

"Mama, nyumba hii inatakiwa idumu miaka mia tano."

"Idumu imtunze nani?"

Aliniomba nitoke azibe, nyumba iwashwe. Nikaegemeza mgongo kwenye zile alama. Ya juu kabisa ilinifika kiunoni.

"Haya," nikamwambia, "washeni."

Uani, mashine yao ya moto ilikuwa imeshaanza kunguruma.