Kilio Uwanjani

Bourgmestre Stanislas, mkuu wa komini, yaani wilaya ya mji, alikuta uwanja alioutoa umejaa watu wanaolia.

Uwanja huo wa komini, kwa maneno yake mwenyewe, "haukuwa na mtumiaji". Waliocheza mpira pale kila jioni, waliofunga ndoa na waliokuja kusengenya tu, inaonekana walikuwa upepo. Kwa hiyo aliutoa kwa Ajansi ya Maendeleo, na juzi akatuma watu wasimike mawe ya saruji ya mipaka, yaliyopakwa rangi aliyoichagua mwenyewe: nyekundu. Ilibaki saini ya Émerance, injinia wa ajansi.

"Wafukuze," Émerance alisema, bila kushuka garini.

"Kufukuza kilio cha msiba? Lubumbashi hii? Mama, niko na uchaguzi mbele!"

Akavaa uso wake wa huzuni, ule wa kampeni, akamwendea Mama Virginie, redio ya mtaa.

"Pole, mama. Nani ametuacha?"

"Wee, papa! Alikuya mayuzi, siku mbili tu. Hata hatukumuzobelea, hatukumujua muzuri."

"Alikuwa mugonjwa?"

"Mugonjwa wapi! Jana mangaribi alikuwa anasimama, muzima. Asubui, chini."

Wanawake wakapiga yowe. Mmoja akaficha uso kwenye kitenge, mabega yakimtikisika kwa huzuni isiyo ya kawaida.

Sanduku la marehemu lilipotoka, mbao zake zimeachana, wabebaji walipepesuka. Simu zilikuwa juu, zinapiga picha. Stanislas hakungoja kuombwa, akatia bega. Sanduku likamlemea.

"Eh! Huyu alikula vizuri."

"Tumbo lake, papa!" Virginie akajibu. "Angetumaliza sisi bote."

Makaburini akatoa hotuba, maana kutomjua marehemu hakujawahi kumzuia. "Alisimama imara kwa ajili ya maendeleo ya komini yetu!" alinguruma. Watu walilia mpaka wakashikana wasianguke. Hakuna kilio kilichowahi kumpokea vizuri hivyo.

Aliporudi uwanjani, viti vilikuwa vimeondolewa na mpira umeanza. Émerance alikuwa anatoka pembe moja kwenda nyingine, akikwaruza udongo kwa kiatu.

"Mawe yako wapi, bourgmestre? Bila mawe sisaini. Kule mji wa Kasenga wananingoja, nao wana uwanja."

Stanislas alipangusa bega la koti lake. Kiganja kikarudi na vumbi la saruji, na rangi nyekundu, bado mbichi kidogo.