Kiti cha Njiti

Sikilizeni hekaya, na mwenye kikohozi asikilizie dirishani.

Mafua makali yaliingia porini, shule ikafungwa miezi sita. Mwalimu Korongo alipowaita wazazi waamue kama ifunguliwe, Baba Ngiri alifika wa kwanza.

"Ifunguliwe leo hii! Nina watoto wanane, mwalimu. Mkeka wameshautafuna, sasa wananitazama mimi!"

Wazazi wakaangua kicheko, isipokuwa Mama Nungunungu. Yeye alikuwa na Njiti tu, mwanawe wa pekee.

"Watabanana, waambukizane," alisema. "Wangu simleti."

"Mama Njiti, wako nani atambana?" Ngiri akadakia. "Tangu aanze shule anakaa peke yake pembeni. Nani anataka kuchomwa?"

Mama Nungunungu akainamisha kichwa, maana ilikuwa kweli.

Mwalimu Korongo akauliza polepole, "Na mafua yalipopita darasani, nani hakuyapata?"

Ngiri akajikuna sikio. "Njiti."

"Basi wote watakaa kama Njiti."

Kesho yake mwalimu alimweka Njiti katikati ya darasa, akamwambia atanue miiba yake yote. Kwa upana huo akapima nafasi ya kila kiti.

Kengele ya kutoka ilipolia, Mama Nungunungu alikuwa langoni, roho mkononi. Njiti akaja mbio.

"Mama! Leo sikukaa peke yangu!"

"Ulikaa na nani, mwanangu?"

"Na wote! Kila mtu alikaa mbali, kama mimi!"

Mama akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akachomwa kila mahali, wala hakumwachia.