Joto la Nyumba ya Mashavu

Mpimaji aliingia na kipimo chake cha joto, na Mashavu akasimama mbele ya pazia la chumba cha ndani. Mjini pale, nyumba iliyopoteza joto kupita kiasi ilihesabiwa kuwa inakula fungu la joto la watoto ambao hawajazaliwa, na watu wake walifukuzwa. Ndiyo maana tangu jana hakuwasha moto, hata uji wa mwanawe hakuupika.

Mpimaji akakielekeza kipimo kwenye mafiga. Mshale haukutikisika.

"Hongera, mama," alisema. Lakini alipogeuka upande wa pazia, mshale ukapanda. "Umeficha jiko jingine?"

"Wallahi sina, bwana."

"Basi nipishe."

Akalivuta pazia. Hapakuwa na jiko. Alikuwapo Somoe, binti yake Mashavu, amejilaza mkekani, midomo imemkauka kwa homa.

Mpimaji akachutama, sauti imempungua. "Tazama alama hii, mama. Mshale ukishuka mpaka hapa, homa imemwachia."

Mashavu akamshika mtoto mkono, macho kwenye mshale, akiomba. Ukaanza kushuka, taratibu. Ulipofika kwenye alama, Mashavu akashusha pumzi.

Mshale haukusimama hapo; ukazidi kushuka, na mkono wa mtoto ukapoa.