Kizibo cha Ndiva

"Dada, toa mikono. Zamu yako ya maji ni kesho kutwa," Yudith aliambiwa na mdogo wake, karani wa kampuni ya umeme.

Yudith hakukiachia kizibo cha ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba ya kijiji. Kilikuwa gogo fupi lililoviringishiwa majani ya mgomba, na matope yake yalikuwa yamemfika viwikoni. Nyuma ya kizibo, bwawa lilikuwa limejaa maji ya usiku kucha.

"Kwani kuni na mafuta ya mashine zenu kule Same vimekwisha?"

"Havijaisha. Kampuni haitaki kutegemea kitu kimoja. Mzungu anapanda kuja kupima kama maji yatatosha kuendesha mashine. Akikuta ndiva imejaa, mto huu unachukuliwa."

"Na akiikuta tupu?"

"Atatafuta mto mwingine." Akashusha sauti. "Lakini mwizi wa maji hunyimwa zamu msimu mzima. Wewe mwenyewe mwaka jana ulimtangaza jirani yako."

Yudith alitazama shamba lake huko chini. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, majani yamejikunja kwa kiu.

Kofia nyeupe ya Mzungu ikatokea kwenye kona ya njia.

"Basi atakayenyimwa maji ni mimi peke yangu," alisema, akakaza miguu, akakivuta kizibo.